Muhuri wa Haitumiki

Wakazi wa Kisangani watangaziwe na wafurahi: hakuna tena atakayejisumbua kujiuliza maisha yake yana thamani gani. Ofisi ya Upimaji wa Thamani ya Raia itamjibu, kwa maandishi na kwa muhuri, ndani ya dakika ishirini, umeme ukiwepo.

Mimi, Josué, ni katibu wa ofisi hiyo. Sisemi kwa majivuno. Nasema tu kwamba ufunguo wa kabati la muhuri ninao mimi peke yangu.

Utaratibu wetu ni mwepesi. Raia anaingia, anaulizwa swali moja: «Unatumika?» Watu wa Kiswahili cha pwani wangedhani tunauliza habari za sufuria. Kwetu kutumika ni kufanya kazi, na asiyetumika hana la kujibu. Muhuri nao ulikuwa mmoja, ule wa zamani wa kuorodhesha viti vilivyovunjika: HAITUMIKI. Siku ya ufunguzi Mama Emérence, mwalimu mstaafu, alisimama kupinga. Alisema kwa mtu ni «hatumiki», «haitumiki» ni ya vitu. Mkurugenzi wetu, Bwana Hubert, alimjibu kwa upole wa kiserikali.

«Mama, hapa Kisangani kiti iko, ndizi iko, directeur iko. Yote ni moja.»

Watu walipiga makofi. Kisha nikasoma Kifungu cha Nne, nilichokiandika mwenyewe: yeyote asiyetoa kitu chochote kwa siku tatu mfululizo atagongwa muhuri kwenye kadi yake, na mwenye kadi hiyo haketi mbele katika mkutano wala sherehe ya familia. Mkurugenzi aliongeza kwa kalamu yake: «Bila ubaguzi, hata kwa mama yangu.»

Jumanne akaja Papa Ruphin, mvuvi wa Wagenia, watu wa maporomoko, mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Jumamosi binti yake Précieuse alikuwa anaolewa na Ezéchiel, ambaye Mkurugenzi ni tonton yake, yaani mjomba wake. Baba wa binti asipoketi mbele na kusema ndiyo, hakuna ndoa.

«Papa, unatumika?»

«Nilikuwa natumika, mukubwa. Miaka makumi tatu kwa mitego, pale kwa maporomoko. Nikaanguka toka juu ya miti ya kufungia mitego. Sasa mukono imekatala.»

«Donc, siku tatu hizi umetoa nini?»

Mzee alifikiri kwa uaminifu kabisa.

«Nimeamuka.»

Nikatazama orodha ya kazi zinazotambuliwa. Kuamka hakumo. Nikagonga muhuri. Akaichukua kadi kwa mkono wa kushoto.

«Alors, mutoto yangu nani atamutoa?»

«Tafuta tonton mwenye kutumika,» akasema Mkurugenzi.

Nakiri moyo uliniuma. Nikauandikia barua ya onyo, tukaendelea na kazi.

Kesho yake asubuhi Précieuse aliingia bila kubisha hodi.

«Katibu, papa amekatala kukula! Anasema chakula ni ya wenye kutumika. Amejifungia kwa chumba. Umemufanya nini?»

«Nimempima.»

«Na umekuta kilo ngapi?»

Fomu haina sehemu ya swali kama hilo, kwa hiyo nikaikunja. Alitoka analia. Saa moja baadaye courant ikakatika, umeme ukazimika mji mzima.

Jumatano, giza. Alhamisi, giza. Ijumaa, giza. Kompyuta ililala, printa ikalala, Mkurugenzi naye alilala kidogo, kichwa juu ya faili. Jumamosi asubuhi nikafungua Kifungu cha Nne, kwa kuwa mimi ni mtumishi mwaminifu. Nikaigonga kadi yangu. Nikaigonga ya Mkurugenzi. Majina nikayabandika mlangoni kwa mujibu wa sheria, na mama wa sokoni wakayasoma kwa sauti kabla gundi haijakauka.

«Josué! Uko na kichwa?» akafoka Mkurugenzi.

«Kifungu cha Nne, Directeur.»

«Lakini mimi ni directeur!»

«Ndiyo. Na siku tatu hizi umetoa nini?»

«Nilikuya kazini,» akasema.

Tulitazama orodha pamoja. Hiyo pia haimo.

Mchana nilikwenda kwa kina Papa Ruphin kusimamia utekelezaji wa Kifungu cha Nne kwenye harusi. Wageni walikuwa wameketi kwenye viti ambavyo ofisi yetu ilivitupa. Majirani walikuwa wamevifunga upya kwa kamba za mitego ya samaki. Mama Emérence ndiye aliyekuwa msemaji wa upande wa binti. Desturi inataka aulize kabla ya lolote.

«Papa ya mutoto iko?»

Précieuse akajibu kwa sauti ndogo: «Iko, mama. Lakini wanasema haitumiki.»

«Niliuliza kama anatumika? Nimeuliza kama iko!»

Mlango wa chumba ukafunguka.

«Niko,» akasema Papa Ruphin. Alitoka, mkono mmoja wa shati ukining'inia kando ya ule uliofungwa kitambaa, akaketi mbele. Précieuse alilia mbele ya watu wote bila aibu, na mimi nikajifanya naandika.

«Bon. Na tonton ya bwana-arusi iko?»

Watu wa upande wa kina Ezéchiel wakatazama chini. Mkurugenzi alikuwa amesimama nje, nyuma ya baiskeli za toleka zinazobeba abiria, kadi mfukoni.

«Iko,» akasema Papa Ruphin. «Namuona pale. Mumuite aingie. Mumupatie kiti na liboke ya samaki.»

Kiti nilikileta mimi. Mgongoni, kwa wino wetu, kilikuwa kimeandikwa HAITUMIKI. Mkurugenzi aliketi taratibu, kiti hakikulalamika. Alitazama samaki kwenye majani, asiguse.

«Lakini sijafanya kitu,» akaninong'oneza.

Papa Ruphin alimsikia.

«Nani amekuuliza? Kula.»

Akala. Kisha mzee akasema ndiyo, na vigelegele vikafika mtoni.

Jumatatu umeme ulirudi. Mkurugenzi naye alirudi, akanyoosha tai, akaniita. Mstari mlangoni ulikuwa mrefu.

«Josué, muhuri iko?»

«Iko, Directeur,» nikamjibu. «Lakini haitumiki.»