Mkongo Wenu Umezidi Kusikia

Usagara, Tanga
Alhamisi

Kwa Mhandisi Manase,
Mradi wa Kupima Mitetemo ya Ardhi

YAH: OMBI LA KUUFANYA MKONGO WENU UWE KIZIWI KIDOGO

Ndugu Mhandisi,

Marahaba. Nimeitanguliza kwa kuwa najua ungeniamkia, na mtu wa hali yangu haweki akiba ya maneno. Mimi ni Fadhil Hatibu, mwalimu mstaafu wa fizikia, mgonjwa wa moyo, ambaye tangu Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, hajainuka kitandani. Daktari amenipa miezi. Hakusema mingapi, nami sikumuuliza, tukaachana kwa adabu. Sitaki kuondoka duniani nikiacha malalamiko ambayo hayajaandikwa. Yangu ni haya.

1. Usanifu. Ulitueleza kwa fahari kwamba mikongo ya simu hulazwa nyuzi zake za kioo ndani ya jeli ili zisisumbuliwe, lakini huu mlioufukia kando ya ukuta wangu mmeuondolea jeli, mkaubana uzi na ganda lake ili ardhi ikitikisika nao utikisike. Tena mkausokota kuzunguka kiini kama kamba ya usumba, usikie mawimbi ya kila upande. Mwanga unatumwa ndani, unarudi, na mahali uzi ulipovutika hata kwa kiasi kisichofika unene wa unywele panajulikana. Kama mwalimu nakupa alama tisini na tano. Kama jirani nakupa sifuri. Tetemeko hutoka chini. Sioni kwa nini mkongo uwe na masikio ya juu pia. Mchimba kisima hasikilizi mambo ya darini.

2. Mkutano wa mtaa. Mliufanyia barazani kwangu, kwa heshima ya ugonjwa wangu, nami nikatolewa nje pamoja na kitanda. Ukafungua kompyuta, ukatuonyesha alama za malori ya barabarani na za wanawake wanaotwanga kisamvu. Watu wakafurahi. Kisha ukaonyesha alama za siku kumi mfululizo, saa nne asubuhi, kutoka chumbani kwangu hadi jikoni: mguu, mguu, bakora, mguu, mguu, bakora. Saa hiyo binti yangu Samira huwa sokoni, na nyumbani hubaki mimi tu, ambaye, kama nilivyokwisha kusema, siinuki. Jirani yangu Bi Mwanamwema akauliza mbele ya watu wote, "Mwalimu, huyo mgeni wako wa saa nne mbona hapigi hodi?"

3. Nikalazimika kusema ni jini. Mwanafizikia hana jini, lakini mgonjwa ana ruhusa. Kwa jibu hilo nimenyweshwa kombe siku tatu, aya zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji ya waridi, sahani baada ya sahani. Aya sina neno nazo. Kibofu ndicho kilicholalamika.

4. Samira akaacha kwenda sokoni ili amvizie huyo jini. Nawe, kwa uaminifu wako usioombwa na mtu, ukatangaza kwamba wiki nzima hapakuwa na nyayo. Mtaa ukatoa hitimisho lake: jini anamwogopa Samira. Sasa kila asubuhi wanaletwa wagonjwa mlangoni ili awatazame tu, jini wao akimbie. Jana kaletwa mbuzi. Binti yangu ni fundi cherehani mwenye cheti, na watoto wa mtaa wanamwita Bibi Mganga.

5. Hili ndilo zito. Samira ana miaka thelathini na minne. Rama, mchuuzi wa machungwa wa Muheza, amemposa mara mbili, na mara zote mbili Samira kajibu kwamba hawezi kumwacha baba asiyeweza kujiinulia kata ya maji. Rama amengoja. Mama yake, Bi Sabra, naye alingoja, mpaka aliposikia habari ya majini. Ameleta ujumbe kupitia dada yangu Chiku, anayeishi hukohuko Muheza: "Mwanamke anayetisha jini, mwanangu atalala naye vipi? Nipate jibu la posa kabla ya sala ya Ijumaa, la sivyo tunatafuta kwingine." Ijumaa ni kesho.

Kwa hiyo naomba barua yenye mhuri inayosema kwamba mkongo wenu ni mbovu. Semeni umegugunwa na panya. Panya hawatakuja kukanusha. Pia jeli irudishwe kuanzia kwangu hadi kwa Bi Mwanamwema. Na kwa kuwa mkongo uliodanganya hapa utakuwa umedanganya kila mahali, haki itakuwa kuufukua wote mpaka Pangani. Tetemeko likija tutalisikia wenyewe. Halijapata kuja likinyata.

Nisalimie mkeo Beatrisi, mafundi waliochimba mtaro, na kile chombo kinachotuma mwanga. Hakina kosa, kimetumwa.

Wako katika malalamiko, na muda si mrefu ndani ya ardhi hiyohiyo unayoisikiliza,

Mwl. Fadhil Hatibu

Tanbihi. Nimeisoma barua hii mara mbili. Usiandike kwamba mkongo ni mbovu. Ni mzima kuliko mimi. Nyayo ni zangu. Moyo unaumwa kweli, lakini miguu haina habari. Nilikuwa nikienda jikoni kupasha chai, kisha narudi kulala kabla Samira hajafika. Nilianza kujilaza kitandani wiki ileile ilipokuja posa ya kwanza, kwa sababu mama yake Samira alikwisha kututoka na sikutaka kubaki peke yangu katika nyumba hii. Miaka thelathini na moja nimefundisha watoto wa watu kwamba kipimo hakidanganyi, kisha nikamdanganya wa kwangu. Sitaki malaika wa kaburini wawe wa kwanza kuniuliza.

Bahasha sikuifunga. Mchukuzi wake ni Samira, ambaye tangu ajue kusoma hajapata kubeba barua iliyo wazi bila kuisoma. Basi, mwanangu, jini hakukuogopa. Alikuonea haya. Mpe Mhandisi karatasi yake. Ile ya pili iliyomo ndani ya bahasha ni yako: mimi, walii wako wa ndoa, nimeridhia uolewe na Rama, na sahihi nimetia. Usirudi nyumbani kwanza. Panda gari la Muheza, umpelekee shangazi yako Chiku leo hii, amfikishie Bi Sabra pamoja na habari kwamba jini ni mimi. Chakula cha mchana nitajipakulia.