Valvu Nne za Shemeji

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Daktari kasema moyo wangu umechoka. Nikamuuliza umechoka kiasi gani. Akaniangalia kwa upole. Sipendi daktari akiwa mpole.

Nimeamua kutubu. Naanza humu, kama mazoezi.

Miaka arobaini na moja iliyopita bendi yetu ilikuwa na wapiga gita wawili: mimi na shemeji, kaka wa mke wangu. Solo ni ya mtu mmoja. Asubuhi ya majaribio ya solo niliwahi ukumbini, nikafungua mgongo wa amplifaya ya shemeji, nikachomoa valvu zake nne, zile chupa za kioo zinazowaka ndani. Nikamwekea zangu zilizochoka. Shemeji akapiga. Sauti ikatoka kama ya mtu anayeongea ndani ya gunia. Akapandisha hadi mwisho. Gunia likawa zito zaidi, basi.

Nilipiga solo miaka kumi na miwili. Yeye aliamini vidole vyake vimekufa. Hajashika gita tangu siku ile. Nilimpa pole. Nilimpa pole vizuri sana.

Amplifaya aliniachia mimi. Ipo stoo. Mpango: niitengeneze, nimwite, apige, ajionee mwenyewe kuwa vidole havikuwa na kosa. Toba bila maneno. Safi kabisa!

Jumanne, tarehe 4
Nimeitoa stoo kwa kuiburuta juu ya mkeka. Mke wangu kauliza mgonjwa wa moyo anaburuta nini. Nikasema kumbukumbu. Akasema kumbukumbu zangu zimemkwaruzia sakafu.

Nimeiwasha. Valvu zimewaka rangi ya machungwa. Nikapiga uzi mmoja. Gunia lile lile! Karibu nitokwe na machozi. Uovu wangu bado unafanya kazi.

Dawa ninayo. Valvu za shemeji sikuthubutu kuzitumia. Nilizificha kwenye kopo. Yapo makopo mawili, la hizo na la zangu nyingine zilizokufa; moja nimeandika NZURI, jingine MBOVU. Mwalimu mstaafu wa jiografia kama mimi hapotezi kitu.

Jumatano, tarehe 5
Nimeweka za kopo la NZURI. Sauti mbaya kuliko jana.

Nimebadilisha waya wa gita. Bado. Nimebadilisha nyuzi. Bado. Nimehamia plagi ya jikoni, nikachomoa friji. Bado, na sasa maziwa yameharibika. Mke wangu kasema nikifa na hilo sanduku, atanizika nalo ili nyumba ipumue.

Nimekubali kuita fundi.

Alhamisi, tarehe 6
Fundi ni mama mmoja wa makamo anayetengeneza redio kwenye kibanda nyuma ya soko. Hana haraka. Nilinyoosha mkono ndani ya mashine, akanizaba kofi mkononi. Kasema umeme unabaki mle hata plagi ikichomolewa, ningoje nusu saa, ama nimsalimie Mungu mapema. Nikangoja.

Kasugua soketi kwa brashi. Kapima spika: nzima. Kapachika valvu moja moja akisikiliza kama daktari. Kisha kasema hizi ni maiti, mzee, zote nne. Kauliza kama nina nyingine. Nikasema zipo, ila ni mbovu.

Katikati ya shughuli shemeji kaingia. Huja kila Alhamisi tucheze karata. Kaliona sanduku, kasimama mlangoni. Akasema, "Shemeji, hilo jeneza bado unalo?" Nikamwambia aje Jumamosi alisikie. Akaangalia mikono yake. Akasema yeye na gita walishaachana, hawana hata mtoto wa kuwakutanisha. Tukacheza karata. Kanifunga mara tatu. Vidole vilivyokufa vinagawa karata haraka ajabu.

Ijumaa, tarehe 7
Nimekumbuka nikiwa bafuni! Nimetoka na povu kichwani.

Zile lebo. Miaka ile niliogopa mtu atakuja kutafuta valvu za shemeji. Kwa hiyo nikazigeuza: nzuri nikaziandika MBOVU, ili mpekuzi adanganyike. Mpekuzi amekuja. Ni mimi. Nimedanganyika.

Fundi karudi, kapachika zile "mbovu". Nimepiga uzi mmoja. Vioo vya dirisha vimetetemeka. Fundi kaacha mdomo wazi. Kauliza nani mwehu aliyeandika kopo hili. Nikasema ni la zamani.

Jumamosi, tarehe 8
Amekuja. Kakataa chai. Kakaa na gita kama mtu aliyeshikishwa mtoto mchanga wa wenyewe. Dakika za mwanzo zilikuwa ngumu. Vidole vinatafuta njia. Kisha vikaipata.

Siwezi kuandika alichopiga. Mke wangu alitoka jikoni na mwiko mkononi, unadondosha mchuzi kwenye sakafu yake mwenyewe, hajali. Fundi, aliyekuja kuisikia kazi yake, alifumba macho. Shemeji alilia huku anapiga. Akasema, "Kumbe vilikuwa vizima. Miaka yote hii, kumbe vilikuwa vizima."

Nilikuwa na furaha. Naandika hili kwa sababu ni kweli, na ilidumu karibu dakika nne.

Halafu mke wangu akasema hajawahi kusikia gita namna hii ndani ya nyumba hii. Ndani ya nyumba hii! Nimepiga humu miaka arobaini!

Shemeji kauliza mashine ilikuwa na ugonjwa gani. Fundi, asiyejua kunyamaza, kasema mtu aliiwekea valvu mfu. Shemeji akauliza nani. Wakati ndio huo. Nikafungua mdomo. Nikamtaja mpiga besi wetu. Ni marehemu, hawezi kukana. Shemeji akatikisa kichwa, akasema amemsamehe. Msamaha wangu umekwenda kwa mpiga besi!

Jumamosi ijayo mjukuu wetu anaolewa. Shemeji kasema atapiga yeye solo. Akanishika bega, akasema mimi nimsindikize kwa ridhim, gita la nyuma. Mimi. Ridhim.

Jumapili, tarehe 9
Shemeji anakuja kuichukua mashine kesho. Mke wangu amekwenda kwa jirani. Nimechomoa plagi, nikangoja nusu saa kamili, kama Fundi alivyonifundisha. Mwanafunzi mzuri siku zote nilikuwa.

Nimetoa valvu moja tu. Nne ingekuwa dhambi. Nimepachika maiti mahali pake na kuificha ile nzima kwenye kopo jipya, nimeandika DAWA YA MOYO, hakuna atakayeligusa. Nitatubu zote mbili kwa pamoja, baada ya harusi, nikishapiga solo.

Moyo leo unapiga vizuri.

Tatizo ni moja. Shemeji sasa anazijua valvu. Safari hii akiuliza nani kafanya, mpiga besi ana miaka tisa kaburini.