Gari Lililowafungia Mzee na Mkamwana Wake

Ukungu ulikuwa haujanyanyuka Ibighi, na chai yenyewe ilikuwa bado inasuasua jikoni, Waziri Kivuli alipofika kijiweni akihema, amebeba habari kubwa kuliko mdomo wake.

"Mmesikia? Lile gari la Ackson jana limewafungia ndani baba yake na mkewe!"

Veronika, mwenye kijiwe hicho cha chai, aliachia kijiko kikazama kwenye birika. Benchi zima lilicheka, yeye hakucheka. Gari hilo ndilo mwanawe Obed alilokuwa anataka kulichukua asubuhi hiyohiyo. Obed atoe pikipiki yake, Ackson atoe gari, wabadilishane kama watoto wanavyobadilishana maandazi. Na pikipiki hiyo ya bodaboda ndiyo iliyokuwa inatia unga ndani ya sufuria ya Veronika tangu afiwe na mumewe.

Waziri jina lake la ubatizo ni Hezekia. Aliitwa Waziri Kivuli kwa sababu hakuna wizara asiyoweza kuiendesha akiwa amekaa. Aliyekaa pembeni yake, mwenye ovaroli iliyosahau rangi yake, ni Amoni, fundi wa magari. Huyo walimwita Spana.

"Limewafungia vipi?" Spana aliuliza, akisogeza kikombe. "Mzee Ambindwile na mkamwana wake walifuata nini gari moja?"

Swali lilikuwa la haki. Kwa wazee wa huku mkamwana na baba mkwe hawatazamani, achilia mbali kupumuliana. Veronika mwenyewe, na mvi zote hizo, akimwona baba mkwe wake anateremka kutoka Kisondela, huinama nyuma ya gunia la mkaa, na chai ya mzee humiminwa na Waziri.

"Mvua, ndugu yangu!" Waziri alisema. "Mzee katoka ibadani, analowa. Lilian, mke wa Ackson, tayari yuko kiti cha mbele. Ackson akamwambia, 'Baba, wewe panda nyuma. Gari hili lina mbio, mtafika kabla hamjakumbuka kuwa mko pamoja.'"

"Lo! Kwa hiyo mila kaiovateki?"

"Kaiovateki mpaka kwenye kilima cha Isongole. Hapo gari likakohoa, likazima. Ackson kashuka kutazama injini, kabamiza mlango, twa! Milango yote ikajifunga. Funguo ndani, taa zimekufa, vioo havishuki."

"Si wangevuta vile vishikio vya ndani?"

"Mzee kavuta mpaka kabaki nacho mkononi."

Veronika alijikuta amesogea karibu, birika mkononi. "Sasa walikaaje humo, jamani?"

"Mzee kajifunika koti gubigubi, kama mzinga wa nyuki. Lilian kajitanda kanga, uso dirishani. Mzee akitaka mkamwana abonyeze kitu, hawezi kumwambia. Anampigia kelele Ackson kupitia kioo, 'Mwambie huyo abonyeze!' Ackson hasikii kitu. Anaona baba yake anainua mikono, akadhani anasali. Naye akavua kofia!"

Spana alimwaga chai kwa kicheko.

"Mwishowe watu wakavunja kioo cha nyuma. Mzee akatolewa kinyumenyume wasije wakatazamana, kama ndama anayezaliwa vibaya. Na sasa anadai ng'ombe wa kuondoa aibu."

"Kyala, Mungu wangu!" Spana alisema. "Magari ya wenzetu yanakula petroli. Hili linakula ng'ombe!"

"Na wewe usicheke sana," Veronika alimgeukia. "Si wewe uliyelishika wiki iliyopita?"

Spana alijikuna kisogo. "Mama Obed, mimi nilikata waya mmoja tu. Ule uliokuwa unapiga kelele."

"Mbona Waziri anapiga kelele kila siku na hujamkata?"

Kabla Waziri hajajitetea, pikipiki ilinguruma. Obed akashuka na koti lake la mvua, uso unang'aa kama bwana harusi.

"Shikamooni wazee. Mama, leo ndiyo mwisho wa kulowa! Gari la kifahari, injini ya mashindano. Ulaya lilikuwa linaendeshwa na tajiri."

"Marahaba," Waziri alisema. "Huyo tajiri aliliuza kwa nini?"

"Alichoka nalo tu."

"Tajiri kachoka nalo, wewe wa kuombea mvua ikatike upate abiria, ndiye utakayeliweza?"

"Waziri, umeshaona viti vyake? Ukibonyeza, vinapata joto! Mama na miguu yake hii, akikaa pale kama yuko jikoni."

"Jiko ninalo," Veronika alisema polepole. "Na halijawahi kunifungia ndani na mtu."

"Mdogo wangu," Spana alidakia, "mimi nimelala chini ya gari lile. Limekaa juu ya mifuko ya upepo, na mifuko inavuja. Asubuhi unalikuta limepiga magoti."

"Limeokoka?" Waziri aliuliza.

"Zaidi yako! Na tumbo liko chini hivi, kuku akilala barabarani inabidi umsubiri aamke. Ikifa sensa moja, kidude kidogo tu cha umeme, unaagiza Dar. Inakuja siyo yenyewe, unairudisha. Huku nyuma mvua ya Tukuyu inalala ndani, uyoga unaota kwenye hivyo viti vya joto."

"Na hizo mbio," Waziri aliongeza, "utazikimbizia wapi? Njia ya Kisondela hata wewe na pikipiki unashuka kusukuma."

Obed alicheka, lakini kicheko kilikuwa kimepungua maji. "Wazee mna wivu tu. Mama, wewe si ndiye husema mtoto akililia wembe mpe?"

"Methali hiyo aliitunga asiye na mtoto," Veronika alisema. Alimimina mpaka chai ikafurika kikombe na kumwagika mezani, asijali.

Ndipo Ackson akatokea kwenye ukungu. Viatu vyake vya kuchongoka vilikuwa tope tupu, na begani alibeba betri kama mtu aliyebeba mbuzi mgonjwa.

"Ndaga, ndugu zangu," alisema akitweta. "Obed, ile biashara yetu ipo palepale. Ila kwanza nikimbize Isongole na betri hii. Nimetembea tangu alfajiri, gari bado liko kilimani."

Hakuna aliyecheka. Benchi lilimgeukia Veronika, maana alikuwa ameweka birika chini.

"Obed mwanangu. Mkishabadilishana, gari likikukwamia kilimani, utampigia simu nani?"

Obed alitazama gari lisilokuwepo, akatazama pikipiki iliyokuwepo. "Bodaboda," alijibu.

"Yupi?"

Spana alianza kutikisika mabega.

"Nitampigia... Ackson."

"Atakuja na nini?"

"Na pikipiki yangu."

"Na nauli utamlipa," Veronika alimalizia.

Waziri aliinuka akavua kofia, kama Ackson kilimani. Obed alisimama akifuta tangi la pikipiki kwa mkono wa koti, akalifuta tena pale palipokwisha takata. Kisha akavaa kofia yake ngumu.

"Panda, Ackson. Betri ipakate mwenyewe. Biashara ile basi, kaka. Nauli ni ileile ya watu wote."

Veronika alichukua kitambaa. Ackson alipanda kwa huzuni, betri kifuani, lakini mfanyabiashara hafi moyo.

"Mama Obed, likipona tu nitakupitisha kanisani bure, ukakae kwenye kile kiti cha joto."

"Asante, baba," Veronika alijibu, akifuta meza. "Ila kabla sijapanda, kaangalie nyuma ni mzee gani kajifunika koti. Baba mkwe wangu mimi bado yu hai."