Masharti ya Kuwahamisha Komba wa Darini

Ijulikane kwa wananchi wote wa Kilosa kwamba komba kumi na mmoja waliokuwa wakiishi bila kibali darini mwa nyumba ya Afisa wa Uhamishaji, Ndugu Melkizedek, wamehamishwa kwa amani, kwa utaratibu na kwa faida yao wenyewe.

Haikuwa kazi ndogo. Komba wale walikojoa bila ratiba, na dari ya nyumba hiyo iliyoachwa na mkoloni ilivuja moja kwa moja juu ya meza ya chakula. Jumamosi angekuja Ndugu Hezekia kutoka mkoani, mwenye uwezo wa kumpandisha mtu cheo hadi Dar es Salaam. Mkubwa hali pilau chini ya mkojo. Melkizedek alilijua hilo.

Mtaalamu alikuwepo. Mzee Kasian, mrina asali, alikuwa miongoni mwa kaya sitini na tatu ambazo Melkizedek mwenyewe alizishusha kutoka milima ya Vidunda hadi kijiji kipya cha ujamaa bondeni, njia ya Mikumi. Ila kumwajiri mtu ni unyonyaji, na kiongozi hanyonyi. Kwa hiyo Melkizedek akamwandikia barua ya kumwarifu kwamba amejitolea.

"Shikamoo, mzee," akasema Melkizedek, ambaye siku ya kuwapakia wanakijiji kwenye malori hakuwa ameikumbuka salamu hiyo.

"Marahaba. Nasikia nimejitolea."

"Taifa linakushukuru. Wafukizie moshi, watoke leo."

"Watatoka. Kesho watarudi, na hasira juu. Komba hahami kwa kufukuzwa, mwanangu. Mtafutie kwanza penye maji, kivuli na chakula. Akipapenda atakwenda mwenyewe, nawe uzibe tundu."

Melkizedek aliona hiyo ni sayansi. Akamwita karani wake, Odilia, apige taipu Mwongozo wa Uhamishaji wa Komba, kifungu cha kwanza: komba asihamishwe kabla maji, kivuli na chakula havijakaguliwa. Akagonga muhuri mara mbili, kwa raha tu.

Kasian akatundika mizinga mitupu kwenye mikuyu ya kando ya Mto Mkondoa, akaweka ndizi mbivu na kibuyu cha pombe. Siku ya nne komba wote walikuwa huko, wamelewa chakari, hawana malalamiko. Tundu likazibwa kwa bati.

Jumamosi Hezekia alikula hadi akalegeza mkanda. Melkizedek akamsomea Mwongozo kwa sauti ya mahubiri, kisha akamwita Kasian sebuleni aonekane.

"Mzee, omba zawadi yoyote, mradi isiwe mshahara."

"Mshahara siutaki. Naomba tufanyiwe kama komba."

Hezekia akaacha kutafuna. "Una maana gani, mzee?"

"Sisi tulipakiwa kwenye lori asubuhi, mchana nyumba zetu zikatiwa moto. Maji yako mwendo wa saa mbili. Mke wangu Generoza anayabeba na mgongo wake mbovu. Mjukuu wetu tumemzika kwa kuhara. Na mimi nina uchungu, mkubwa, sitaficha."

"Mwongozo unahusu komba tu," Melkizedek akafafanua.

Hezekia akautazama muhuri. "Huu ni wa nani?"

"Wangu, mkubwa."

"Kumbe unajua kiumbe anavyohamishwa. Na komba umewafanyia."

Hapo hapo Hezekia akaziruhusu kaya zote kurudi Vidunda mpaka maji yapatikane. Likabaki tatizo moja la kiutawala. Kijiji kilikwisha kuripotiwa Dar es Salaam kwamba kimejaa, ramani imechorwa, pongezi zimepokelewa. Kijiji kitupu kingeiaibisha wilaya. Hezekia alilitafakari jambo hilo wakati ananawa mikono.

Barua ya uteuzi kutoka kwa Hezekia ikafika Jumatatu. Melkizedek aliifungua mbele ya wafanyakazi wote, akaisoma kwa sauti kabla hajaielewa: kuanzia leo ameteuliwa kuwa wananchi wa kijiji kile, kaya zote sitini na tatu, na ndoo ya maji aende nayo mwenyewe.