Mahari kwa Sheria ya Kalifonia

Mjane akiwa na ng'ombe mia na ishirini, hata kipofu atamwita mrembo. Goodluck wa Mikumi alikuwa na macho mawili mazima. Kazi yake ilikuwa kutembeza wageni mbugani, na siku alipomwona Marciana mnadani Msowero, akiwa na fimbo nyuma ya mifugo yake, moyo wake ulipiga magoti palepale ukaanza kuhesabu pembe.

Mgeni mmoja aliwahi kumlilia ndani ya gari kwamba kwao, jimbo la Kalifonia huko Marekani, ukiachana na mkeo mnagawana nusu kwa nusu. Goodluck alimpa pole, akabaki na elimu ya bure.

Mtego bila chambo haunasi hata panya. Aliuza kiwanja na pikipiki, akanunua ng'ombe kumi wa mahari na kuwakabidhi kwa Ngeleja, kaka wa mjane. Kisha akamtolea Marciana karatasi.

"Mama Imelda, watu wa kisasa huandikiana kabla ya ndoa. Mimi nimechagua sheria ya Kalifonia ituongoze."

"Ndiyo wapi, kupita Dumila?"

"Mbele kidogo."

"Na mila zetu za Kisukuma?"

"Kando zote! Nimeandika hapo."

"Hata za mahari?"

"Hata hizo, mpenzi."

Marciana alikaa na karatasi siku tatu, akaongea kwa simu na binti yake Imelda anayesomea sheria Morogoro, kisha akatia sahihi kwa mwandiko wake wa darasa la saba. Ndoa ikafungwa bomani Kilosa.

Mwezi wa tatu wa ndoa bwana harusi akaanza kuchoka. Ugali mgumu. Maziwa yananuka moshi. Mke anakoroma. Akaenda kwa Ngeleja, Marciana akiwepo.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Sema."

"Ndoa imenishinda. Nipeni ng'ombe wangu sitini niondoke."

Marciana akafungua karatasi taratibu. "Imelda kanieleza. Kule mnagawana mlichochuma ndani ya ndoa. Ng'ombe mimi nilikuja nao."

"Na ndama waliozaliwa juzi?"

"Wa mama zao. Kaka, tangu tuoane tumechuma nini?"

"Chandarua," akasema Ngeleja.

"Mkatie nusu."

Jasho likamtoka mtu wa watu. "Basi nirudishieni kumi wangu wa mahari! Mila inasema mke akiachika, ng'ombe wanarudi!"

"Mila ipi, shemeji?" Ngeleja aliuliza kwa adabu kubwa. "Si ulizifuta mwenyewe? Na huko Kalifonia, mahari hawaijui."

Goodluck akatazama zizi, akatazama njia ya kurudi Mikumi, ambako hana tena kiwanja wala pikipiki.

"Mama Imelda," akasema kwa sauti ya asali, "ule ugali, ukiutafakari, si mgumu kihivyo."

Wale kumi anawaona kila siku, maana yeye ndiye anayewachunga. Kila mmoja anamjua kwa jina, na wakitawanyika anawaita kwa Kisukuma safi, utadhani alizaliwa nao.