Bilingani la Kumrudisha Babu

Jumatano, 22 Julai
Mwalimu Kuramochi, ulituagiza tuandike shajara ya likizo bila kuficha kitu. Naapa kueleza yote, hata yatakayoniaibisha. (Sidhani kama yatakuwepo.)

Utafiti wangu wa likizo: kumlindia Bibi mabilingani. Hii ni Obon, sikukuu ya marehemu kurudi nyumbani, ya kwanza tangu Babu afariki. Roho yake itakuja kwa farasi wa tango lenye miguu ya vijiti na kurudi kwa ng'ombe wa bilingani. Bibi ameshasema bilingani la dukani halitaki. Haya ya bustanini yametoka kwenye mbegu alizoacha Babu mwenyewe.

Leo nimekuta vidukari wakifyonza majani. Pia wadudu weusi wenye madoa mawili mekundu. Sura za kijambazi! Nimewafukuza wote. Kitabu kinasema rafiki wa bustani, mdudu anayekula vidukari, ni mwekundu mwenye madoa meusi.

Jumamosi, 25 Julai
Marafiki nimewapata! Wamejaa kwenye viazi vya jirani yetu, Mzee Munakata. Wekundu, madoa meusi. Wa kitabuni ana madoa saba tu. Hawa nimechoka kuyahesabu. Madoa mengi, bidii nyingi.

Nimeomba nimpunguzie. Mzee amecheka mpaka kofia ikadondoka, akasema chukua wote, mjukuu wangu, na kesho uje tena. Watu wakarimu bado wapo.

Nimewaachia kwenye mabilingani. Wameanza kazi papo hapo.

Alhamisi, 30 Julai
Majani yamekuwa kama wavu. Vidukari wamezidi. Ni wazi marafiki wameelemewa. Nimeongeza wengine.

Suzuna wa nyumba ya pili amechungulia juu ya ua, bila kuitwa, kama kawaida yake. "We Chitose! Hao ndio wanaokula majani! Waangalie, wana manyoya, hata hawang'ai. Na wale weusi uliowafukuza ndio wanaokula vidukari!"

Utafiti wake yeye unahusu barafu. Nimemwambia arudi akauangalie kabla haujayeyuka.

Jumatano, 5 Agosti
Nimewatazama kwa lenzi. Manyoya yapo. Mmoja alikuwa ameinamisha kichwa kwenye jani. Nikajiambia huenda anapumzika. Jani likapata tundu.

Haya, Mwalimu, niliapa. Wanakula.

Nimemwambia Bibi. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliuliza tu kama kuna bilingani lililosalia. Lipo moja. Dogo, ganda limekwaruzwa upande mmoja. Bibi akasema Babu yako alikuwa mzito, sijui kama hilo litambeba. Nikasema kama hakuna usafiri, basi abaki. Ana haraka ya nini? Bibi akageuka, akaanza kuosha mchele aliokwisha kuuosha.

Jioni nimewaokota wasaliti mmoja mmoja, nikawatia kwenye maji ya sabuni. Suzuna akapaza sauti toka kwao: "Si nilikwambia?" Nikaendelea kuokota. Nilikuwa na kazi.

Jumatano, 12 Agosti
Limekua! Limepinda, lina makovu, lakini ni la kwetu. Bibi atalichuma kesho alfajiri, alitie miguu ya vijiti, aliweke mbele ya picha ya Babu. Amelipapasa akasema litatosha, Babu yako hakuwa mtu wa kuchagua. Suzuna amesema huyo si ng'ombe, ni kiatu. Nimemwambia hata kiatu kinasafirisha mtu.

Bado usiku mmoja Obon ianze. Sitaki bahati mbaya. Kwa hiyo nimetafuta walinzi wapya, nikawapata kwenye matango ya kina Suzuna. Wekundu, mistari myeusi mgongoni. Safari hii sikukurupuka. Nimewakagua kwa lenzi kama mtafiti: hawana unywele hata mmoja, na wanang'aa kama bakuli za sikukuu. Suzuna alifungua mdomo aseme kitu. Nikamwambia asante, nimeshajifunza.

Mwalimu, ukurasa huu nautuma kwa posta leo leo. Tafadhali nijibu mara tu ukiupata: hawa chakula chao ni nini? Nauliza kwa sababu wako juu ya bilingani tayari.