Uzinduzi wa Kituo cha Watoto Wasioruhusiwa Mgahawani

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati, Mheshimiwa Makamu wake, Mheshimiwa Kaimu wa Makamu ambaye yuko safarini na kiti chake tumekiacha wazi kwa heshima, mwenye mgahawa huu mpendwa, stekiholda wote mlioketi, na ninyi akina mama mliosimama nje ya dirisha, itifaki imezingatiwa. (Makofi ndani.)

Nina furaha isiyo kifani kuwasilisha utafiti nilioubuni, nikauongoza, nikautathmini mwenyewe na kujipa alama za juu, kuhusu maoni ya wananchi juu ya biashara zinazokataa watoto. Asilimia tisini na tisa wanaziunga mkono. Wataalamu wangu waliwahoji watu tisini na tisa, meza kwa meza, humu humu ndani, chini ya bango la “Watoto Hawaruhusiwi”, wala hawakumkuta mzazi hata mmoja mwenye mtoto wa kulalamika. Data haidanganyi. (Makofi. Nje, mtoto analia.)

Asilimia moja iliyobaki tuliipata mlangoni, naye ni huyo mama fundi cherehani. Vitambaa vya meza mnazoegemea kashona yeye, ila leo kaja kupima mapazia na kichanga mgongoni, mlinzi kamzuia, na mwenye mgahawa kasema asipoingia kabla ya saa sita kazi anapewa mwingine. Ameniuliza dirishani, “Mheshimiwa, huyu bado ananyonya, nimwache wapi?” Swali zuri sana. Nimeagiza liingie kwenye muhtasari wa kikao. (Kicheko.)

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mtoto akizoea kusubiri nje tangu sasa, ukubwani hatasumbua ofisi za watu. Hata hivyo, kwa kuwa mimi ni msikivu kupita kiasi, leo nazindua Kituo cha Kisasa cha Kupokelea Watoto, chenye vitanda arobaini, yaya waliofuzu na maji ya moto, kwa mkabala shirikishi, feizi kwa feizi, hadi impakti ionekane kwa macho. (Akina mama wanasogea. Mmoja anauliza kiko wapi.)

Mtoto ni hazina! (Ukumbi: “Itunzwe!”) Itunzwe wapi? (“Nje!”)

Namalizia kwa kumshukuru mchora mabango aliyekichora kituo hiki vizuri namna hii kwenye kitambaa kilicho nyuma yangu, maana mpaka sasa ndiye pekee aliyewahi kukiona. Mama fundi, pole, saa sita imeshapita. Lakini ukipata wa kukushikia mtoto, karibu ndani tupige picha ya uzinduzi. Ahsanteni.